Degedege ya Mtoto Mchanga: Jinsi ya Kuitambua na Kuitibu

Mwezi huu twaleta somo la afya, nalo lahusu watoto walio wadogo kuliko wote, wale ambao kitovu chao bado hakijapona. Twawaandikia hasa akina mama, na bibi, na somo anayekaa na mzazi ndani ya nyumba; tena wakunga na wauguzi wa zahanati zetu. Maana hao ndio wamwonao mtoto kwanza, kabla ya daktari, na mara nyingi lile waliloliona wao ndilo litakaloamua mtoto atibiwe au asitibiwe.

Neno degedege si geni kwa mtu wa pwani. Kutoka Kilwa hata Lindi, na huku kwetu upande wa Kilangala, ukilitaja neno hilo kila mama hushtuka. Wazee wengi wamesema ni dege, ndege apitaye usiku, na mtoto aliyeangukiwa na kivuli chake hukakamaa na kugeuza macho. Kwa ajili hiyo mtoto hufukizwa, pengine kwa moshi wa mavi ya tembo, au huogeshwa dawa za majani. Na katika nyumba nyingi husemwa kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Mambo hayo yaliandikwa na watafiti waliokaa na watu wa Bagamoyo, nao wakayatangaza mwaka 1996. Lakini mtu wa Kilwa au wa Lindi akiyasoma ataona kama yameandikwa juu ya kijiji chake mwenyewe. Hatuyataji ili kumcheka mtu. Bibi anayemfukiza mjukuu wake usiku kucha bila kulala anampenda mtoto yule, wala hana lengo jingine ila apone. Ila twataka kuonyesha jambo moja ambalo wengi hawajalipata.

Degedege ijulikanayo sana mitaani ni ile ya mtoto wa miezi sita hata miaka mitano. Huja pamoja na homa kali, mara nyingi homa ya malaria, nayo hutikisa mwili mzima hata majirani hukimbilia nyumbani. Degedege ya mtoto mchanga si hiyo. Mara nyingi haina homa. Haina kelele. Haitikisi mwili mzima. Yaweza kupita mbele ya macho ya watu watano waliokaa kitandani pa mzazi, wala mmoja wao asiseme neno, kwa kuwa wote wanangoja kuona ile kubwa waliyoizoea.

Sababu yake ni hii. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa juzi bado haujakamilika; nyuzi zake zinazopeleka habari toka upande mmoja hata upande mwingine hazijafungamana vema. Basi machafuko yakianza mahali pamoja katika ubongo hayapati njia ya kuenea kote kwa mara moja, kama moto uliowashwa katika shamba ambalo nyasi zake ziko mafungu mafungu. Yataunguza hapa, yatazimika, yatatokea pale. Kwa hiyo dalili nazo huwa ndogo, na huhama.

Madaktari huhesabu uchanga kuwa siku 28 tangu kuzaliwa. Sisi wa pwani twahesabu arobaini, na katika siku hizo mama na mtoto hukaa ndani. Desturi hiyo ina wema wake, maana mama apumzika na mtoto hapati baridi wala hashikwi na kila mpita njia. Lakini ina hatari moja: chumba cha arobaini mara nyingi ni cha giza, na mtoto amefungwa nguo hata haonekani ila pua. Twawaomba akina mama wafungue dirisha walau wakati wa kumnyonyesha na kumbadilisha nguo, wamwangalie mtoto uso wake, mikono yake, na pumzi yake. Na zaidi ya yote katika juma la kwanza, kwa kuwa degedege nyingi za uchanga huanza katika siku hizo saba.

Sasa, ataonekanaje? Pengine macho yake yatavutwa upande mmoja na kukaa huko, au yatakodoa bila kupepesa, wala hafuati uso wa mama. Pengine midomo yatafuna-tafuna na kunyonya ambapo hapana titi kinywani, au ulimi watoka na kuingia, au mate yamtiririka. Pengine miguu yapiga kama ya mtu apandaye baiskeli, au mikono kama ya mtu apigaye kasia. Pengine mkono mmoja tu wavutwa na kuachia, wavutwa na kuachia, kwa mpigo ule ule kama wa mtu agongaye nyundo polepole; kisha baada ya muda huhamia mguu. Pengine mwili wote wakakamaa, kichwa nyuma, mikono imenyooka. Na pengine hapana kitu cha kuona ila pumzi: mtoto hukatika pumzi, midomo yageuka rangi, kisha hupumua tena. Kukatika pumzi peke yake, kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, mara nyingi ni udogo wake tu. Lakini kukiandamana na macho kukodoa au kinywa kutafuna, hapo twapaswa kufikiri degedege.

Lakini si kila kutetemeka ni degedege. Watoto wengi wachanga hutetemeka: kidevu hucheza walipo kulia, au mikono hutukutika wafunguliwapo nguo. Mama asiyejua huogopa bure, na muuguzi asiyejua huweza kumpa mtoto dawa kali asiyoihitaji. Iko njia rahisi ya kupambanua, nayo haihitaji chombo ila mkono wa mtu. Ushike kwa upole ule mkono au mguu unaotikisika, uukunje kidogo, uuzuie. Kama ni kutetemeka tu, hukoma mkononi mwako. Kama ni degedege, hakukomi. Utausikia mpigo ukiendelea ndani ya kiganja chako. Tena utazame macho. Mtoto anayetetemeka tu macho yake ni mazima, hutazama. Naye hutetemeka zaidi akiguswa au akishtushwa na sauti. Mwenye degedege macho yake hayapo nasi, wala kuguswa hakuongezi wala hakupunguzi. Wako na watoto ambao viungo vyao huruka-ruka katika usingizi peke yake, nao wakiamshwa hukoma mara moja. Hao si wagonjwa.

Hata hivyo, mtoto anayetetemeka sana, ingawa mtetemo wakoma ukimshika, apimwe sukari ya damu. Maana upungufu wa sukari huanza hivyo.

Mtu asione haya akishindwa kupambanua. Mwaka 2008 madaktari wa mji wa Cork, nchi ya Ayalandi, walitangaza jambo la kushangaza. Waliwafunga watoto wachanga nyuzi za ile mashine ipimayo umeme wa ubongo kichwani, na kamera ikawatazama wakati huo huo. Katika degedege 526 zilizoandikwa na mashine, theluthi tu ilionekana kwa macho katika picha. Na wauguzi wenyewe, waliozoea kazi hiyo, waliweza kutambua kama 9 katika kila 100. Tena katika matukio waliyoyaita degedege, karibu robo tatu hayakuwa degedege. Ikiwa ni hivyo katika hospitali yenye mashine, itakuwaje katika zahanati yenye taa moja? Sisi hatuichukui habari hiyo kuwa sababu ya kukata tamaa. Twaichukua kuwa sababu ya kutomdharau mama asemaye, "Mtoto wangu anafanya kitu sikielewi." Huyo ametazama saa nyingi kuliko muuguzi yeyote.

Na hapa lipo jambo ambalo wazee wetu hawakuwa nalo: simu ya mkononi. Mwenye simu yenye kamera ampige mtoto video mara tu aonapo dalili, akionyesha uso na viungo, na mtu mwingine amshike mkono unaotikisika katika video ile ile. Dakika moja ya picha hiyo yamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Basi tufike kwenye shina la somo. Degedege ya mtoto mchanga mara nyingi si ugonjwa wenyewe, ni mjumbe. Yatuambia ya kwamba ubongo umepatwa na jambo, na jambo hilo hapana budi litafutwe mara moja, kwa kuwa baadhi ya sababu hizo zaweza kuondolewa kwa muda mfupi, na zikiachwa huacha kilema cha maisha.

Siku ilipoanza hutusaidia kujua mjumbe ametumwa na nani. Ikianza siku ya kwanza au ya pili, mara nyingi mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wakunga wetu husema "mtoto alizaliwa amechoka", yaani hakulia, alikuwa mlegevu, rangi imempotea. Uchungu ulikuwa mrefu mno, au kitovu kilibanwa, au kondo lilibanduka mapema, na damu yenye hewa haikufika ubongoni. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote duniani. Mtoto huyo aweza kuonekana amepata nafuu, amelia, amepumua, watu wamefurahi. Kisha baada ya saa kadhaa, katika siku ile ya kwanza, degedege yaanza. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa amechoka asiruhusiwe kwenda nyumbani upesi.

Juu ya jambo hilo Tanzania ina habari njema ya kusimulia, na kwa sehemu imetoka katika hospitali ya Kilutheri. Huko Haydom, katika mkoa wa Manyara, watafiti waliwatazama wakunga kazini kwa saa mkononi, wakahesabu ni baada ya sekunde ngapi mtoto asiyepumua alianza kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa. Walitangaza mwaka 2012 kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kukaa wodini siku nyingi. Sekunde 30! Ni muda wa mtu kutafuta taulo. Tena mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue, yaliyofanywa katika hospitali 8 za Tanzania: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo yenyewe hayahitaji umeme wala mashine. Mkausheni mtoto, msugueni mgongo, na asipolia, kabla dakika ya kwanza haijaisha mfuko uwe usoni pake. Mkunga aliyekwisha kufanya hivyo amezuia degedege ambayo hakuna dawa ya kesho iwezayo kuifuta kabisa.

Jambo la pili la siku za kwanza ni sukari ya damu. Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo rahisi kutibika kuliko yote, nalo husahauliwa. Ubongo hula sukari kama taa inywavyo mafuta. Mtoto aliye tumboni huipata kwa mama yake. Kitovu kikikatwa, akiba yake ni kidogo, na asiponyonya taa yaanza kufifia. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa njiti, wenye uzito mdogo, waliozaliwa wamechoka, walioachwa na baridi, na watoto wakubwa mno wa akina mama wenye kisukari. Kinga yake iko kifuani mwa mama: titi katika saa ya kwanza, na mtoto kulazwa ngozi kwa ngozi apate joto. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo wengine huyakamua na kuyatupa wakidhani ni machafu, ndiyo hasa chakula cha siku hiyo. Maji ya sukari, asali, au uji mwepesi havifai, navyo huleta maradhi ya tumbo.

Mtoto mwenye degedege apimwe sukari kwanza kuliko yote, kwa tone moja la damu ya kisigino. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita (mashine nyingine husoma 45), hupewa kwa mshipa maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 3 atapata mililita 6, polepole. Na ikiwa kipimo hakipo? Asingojwe, apewe sukari hiyo hiyo. Zahanati yenye maji ya sukari ya asilimia 50 tu isimpe mtoto mchanga hayo yalivyo, maana ni makali mno kwa mishipa yake; ichanganye fungu moja na mafungu manne ya maji safi ya sindano, yatakuwa asilimia 10. Wengine wameona degedege ikikoma kabla sindano haijatolewa mshipani. Baada ya hapo mtoto aendelee kulishwa au kuwekewa dripu, na kupimwa tena baada ya nusu saa, kwa kuwa sukari hiyo haidumu.

Degedege ianzayo baada ya siku ya tatu hutufanya tufikiri maambukizo: vijidudu vimeingia katika damu, au vimefika kwenye ngozi ya ubongo, yaani homa ya uti wa mgongo. Huku pwani ya Afrika Mashariki jambo hili halipaswi kudharauliwa hata siku za kwanza. Katika hospitali ya Kilifi, Kenya, watafiti walihesabu watoto wachanga waliolazwa tangu 2003 hata 2007, wakaona kama 9 katika kila 100 walikuwa na degedege, na maradhi yaliyokutwa kwao mara nyingi zaidi yalikuwa maambukizo ya damu. Mtoto mchanga mwenye maambukizo huenda asiwe na homa. Pengine huwa baridi. Hukataa titi, hulegea, hulia kwa sauti nyembamba, au utosi wake hutuna wakati amekaa kimya. Kitovu huwa chekundu na kunuka. Kwa sababu hiyo daktari hutaka kuchukua maji ya mgongoni kwa sindano. Wazazi wengi hukataa, wakidhani mtoto atapooza. Sindano ile huingizwa chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kupita, nayo ndiyo huonyesha kwa hakika kama dawa zitahitajika kwa siku chache au kwa majuma matatu. Nazo dawa za kuua vijidudu, yaani ampisilini na jentamaisini, huanzwa mara moja bila kungoja majibu.

Iko na ile ya zamani ambayo bibi zetu waliijua sana, pepopunda. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vema siku mbili za kwanza. Kisha kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane taya lakaza, hawezi kunyonya, uso wajikunja kama anayecheka, na mwili wakakamaa kila aguswapo au mlango ukigongwa. Tofauti yake na degedege ni kwamba mtoto yu macho, anasikia maumivu yote. Sumu hiyo hutoka kwa vijidudu vya udongoni na mavini, viingiavyo kwa wembe mchafu au kwa vitu vipakwavyo kitovuni: majivu, udongo, samadi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya uzazi, yaani kuipunguza hata isifike mtoto mmoja kwa kila elfu moja katika kila wilaya. Vijidudu vyenyewe havikutokomezwa. Vimo udongoni vile vile. Lililowazuia ni chanjo ya akina mama wakati wa mimba na wembe mpya. Mama asiyekamilisha chanjo zake tano aikamilishe.

Sababu nyingine twazitaja kwa kupita. Damu kuvuja ubongoni, hasa kwa njiti. Chokaa ya damu kupungua. Maradhi machache ya ukoo, ambayo mengine hupona kwa vitamini B6 tu. Na manjano iliyozidi hata ikapanda ubongoni. Hii twaomba ikumbukwe huku pwani, maana watu wengi wa pwani wana damu ambayo chembe zake huvunjika upesi zikikutana na vitu fulani. Kimoja ni naftalini, vile vidonge vyeupe vitiwavyo sandukuni kufukuza nondo. Nguo za mtoto zisihifadhiwe navyo kamwe. Mtoto aliye manjano siku ya kwanza, au manjano iliyofika viganjani na nyayoni, aende hospitali akawekwe chini ya taa maalumu. Jua la asubuhi halitoshi.

Basi mtoto amepatwa na dalili, nanyi mko nyumbani, tuseme Kilangala, tena ni usiku. Mlazeni ubavu, mate yatoke. Msimtie kitu kinywani, si kijiko, si mafuta, si titi, hata degedege ikome. Msimfukize, maana pumzi yake ni ndogo na moshi huzidi kuikata. Tazameni saa. Kisha mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na safari ianze usiku ule ule. Akiwa macho na anameza, anyonye njiani. Siku hizi iko namba ya simu 115 ya huduma ya m-mama, ambayo haina malipo, iliyoanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022 kwa ajili ya kuwasafirisha akina mama wazazi na watoto wachanga walio hatarini. Zahanati iliyo karibu ifikiwe kwanza, kama ni ya karibu kweli, ili mtoto apate sukari na sindano ya kwanza ya dawa za vijidudu. Kisha apelekwe hospitali. Kwa mtu wa huku ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, mjini Lindi. Wa Kilwa wana Kinyonga, Kilwa Kivinje. Na wa bara ya Lindi wana Nyangao. Twasema na akina baba hapa: mama aliye katika arobaini asiambiwe angoje ruhusa ya mtu aliye safarini. Aende.

Hospitalini, baada ya pumzi kuangaliwa, hewa ya oksijeni kutolewa na sukari kupimwa, degedege isiyokoma hupewa dawa iitwayo fenobabitali. Ni dawa ya zamani. Alfred Hauptmann, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyetangaza mwaka 1912 kwamba yatuliza kifafa. Watu wengi wamejaribu kuiondoa mahali pake kwa dawa mpya. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2020, fenobabitali ilituliza degedege kwa watoto wachanga 80 katika kila 100 kwa saa 24, na ile mpya, levetirasetamu, ikatuliza 28 tu. Basi dawa ya bei ndogo iliyomo katika kabati zetu ndiyo bora, nasi tukiri kwamba habari hii ilitufurahisha.

Kipimo chake ni miligramu 20 kwa kila kilo, kwa mshipa, polepole kwa muda wa dakika 20. Mtoto wa kilo 3 atapata miligramu 60. Muuguzi asome kwanza maandishi ya kichupa: ikiwa mililita 1 ina miligramu 200, basi miligramu 60 ni mililita 0.3 peke yake, nayo huzimuliwa kabla ya kutolewa. Kosa la nukta moja hapa huua; wapige hesabu watu wawili. Mshipa usipopatikana, dawa hupigwa pajani. Degedege ikiendelea, huongezwa miligramu 10 kwa kilo, na tena 10, jumla isipite 40. Kwa muda wote huo mtu asimame kando ya mtoto akihesabu pumzi, na mfuko wa hewa uwe tayari, kwa sababu dawa hii huweza kuizimisha pumzi. Diazepamu, ambayo hutumika sana kwa watoto wakubwa wenye degedege ya homa, si dawa ya kuanzia kwa mchanga.

Sasa turudi kwa lile neno la kwamba sindano huua. Twaelewa lilikotoka. Mtoto amekaa nyumbani siku mbili, amefukizwa, hajanyonya, sukari imekwisha, vijidudu vimejaa. Siku ya tatu aletwa hospitali, apigwa sindano, naye afa jioni ile. Macho ya watu yameona sindano, yameona kifo. Yale ya siku mbili hayakuonekana. Tusiwakemee watu kwa hilo. Tuwahesabie siku pamoja nao, saa kwa saa, nao wataona wenyewe mahali ambapo maisha yalipotea. Muuguzi naye aeleze dawa kabla ya kuitoa, na hatari yake pia, asije akafanya kazi yake kimya kimya kana kwamba mzazi ni mgeni hapo.

Degedege ikikoma na mtoto akinyonya vema, mara nyingi daktari huiachisha dawa kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani. Wazazi wengine huogopa, wakataka chupa ya kuendelea nayo. Degedege iliyoletwa na kukosa hewa au sukari kwa kawaida hupita katika siku chache, na dawa ikitumika miezi mingi bila sababu haimsaidii. Wengine hurudiwa baadaye na kuwa na kifafa. Hao watapewa dawa ya kudumu wakati huo, nao waweza kusoma shule na kucheza na wenzao kama mtoto mwingine awaye yote. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa pumzi.

Mama arudi kliniki kwa tarehe alizoandikiwa, hata kama mtoto aonekana mzima. Pale hutazamwa kama kichwa chakua kwa kipimo, kama miezi miwili anacheka na kufuata uso, kama miezi minne kichwa chasimama, kama mikono yote miwili hufunguka na kushika, au mmoja hukaa umefumbwa ngumi, na kama anasikia. Akikutwa na upungufu, mazoezi ya viungo huanzwa mapema, naye mama hufundishwa kuyafanya nyumbani juu ya mkeka, asubuhi na jioni, wakati wa kumwogesha.